Saa Tisa Usiku: Jinsi Tulivyomtafutia Mama Makao Nairobi

Mama aliuza mahamri Majengo, Pumwani, kwa zaidi ya miaka 40. Saa tisa usiku alikuwa ameshaamka, mikono imezama kwenye karai la unga, nasi watoto tukimsikia usingizini akilipiga donge. Ikifika saa kumi na moja alfajiri mafuta yamechemka, na wateja wa kwanza, makuli wa Gikomba na wauguzi waliotoka zamu hospitali ya Pumwani, wamesimama mlangoni. Leo ana miaka 79. Jina langu hulichanganya na la mama mdogo, mwaka haujui, na ukimwuliza rais ni nani atakutajia Moi. Lakini saa tisa usiku bado huamka. Huketi kitandani, huivuta shuka mapajani, huikunja, na huanza kuikanda.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodini miaka 22, nyingi kati ya hizo zamu ya usiku. Nilidhani kwa ujuzi huo ningetambua makao mazuri nikiwa bado getini. Haikuwa hivyo. Nilikaribia kumweka Mama mahali ambapo leo naamini pangemmaliza, na kilichoniponza ni saa niliyokwenda kukagua. Nimeombwa na watu kadhaa, wengi wao watoto wenye mzazi wa namna hii nyumbani, niwaeleze tulivyochagua. Naeleza kisa chote kama kilivyokuwa, pamoja na tulipokosea.

Tulivyofika hapo

Kliniki walituambia mwaka 2021 kwamba Mama ana dimensia, ule ugonjwa wa kusahau. Kabla ya hapo alikuwa na kisukari cha miaka mingi, anachoma insulini asubuhi na jioni. Mwaka 2023 alianguka uani, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji, na tangu siku hiyo hutembea kwa kushikilia fremu. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akiishi naye. Tuliajiri dada wa kazi, akaondoka. Wa pili akaondoka. Wa tatu alikaa miezi mitano, na alipoaga alilia, akasema kazi haimshindi, usiku ndio unaomshinda. Sikumlaumu. Kumlea mtu mchana kutwa kisha kukesha naye ni kazi ya watu wawili, nasi tulikuwa tukimlipa mmoja.

Novemba 2024 Mama alifika jikoni saa yake ileile, akafungua gesi, akasahau kiberiti. Jirani ndiye aliyesikia harufu, akagonga dirisha kwa ufagio. Hakuna aliyeumia. Wiki hiyohiyo tukaketi kikao.

Mdogo wetu aliye Doha alikuwa kwenye simu, kaka alikuwa kwenye kiti cha marehemu baba, na mama mdogo aliketi mkekani, mkono shavuni. Nilipotamka neno makao, yeye ndiye aliyejibu wa kwanza: "Mnataka kumtupa dada yangu." Akatukumbusha ile aya ya Suratul Israa, kwamba wazazi wakifikia uzeeni tusiwaambie hata "ah". Alikuwa na haki. Hata Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 57, inaposema wazee waishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, inataja kuwa malezi hayo yatoke kwa jamaa zao na Serikali, na jamaa ndio waliotangulizwa. Sikubishana naye. Nilimwomba tu aje nasi kila tutakapokwenda kukagua, na pale atakapokataa, hatutampeleka dada yake. Uamuzi ule ulikuwa bora kuliko nilivyojua wakati ule.

Na Mama mwenyewe? Watu humsahau huyu. Mwenye dimensia ana saa zake njema, na kwa Mama ni asubuhi baada ya chai. Nilimwuliza asubuhi tatu tofauti, kwa maneno yaleyale, angependa kuishi wapi. Mara moja alisema Lamu, ambako hajawahi kuishi. Mara mbili alisema, "Nyumba hii imekuwa kimya mno. Nipelekeni penye watu." Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikayasoma tena kila nilipoyumba.

Jina linalopoteza watu

Ukianza kuulizia "nursing home", jina la Kiingereza ambalo watu wa ng'ambo hulitumia kwa nyumba za wazee, Nairobi utapotea siku nzima. Kwetu jina hilo hubandikwa kwenye hospitali ndogo za watu binafsi, mara nyingi zenye wodi ya kujifungulia. Kaka alipiga simu mbili za namna hiyo. Ya kwanza walimwuliza mama ana ujauzito wa miezi mingapi. Ya pili walimtajia bei ya kitanda kwa siku. Ulizia makao ya wazee, au nyumba ya kulea wazee, ndipo utajibiwa unachotafuta.

Kuna pia makao ya hisani. Nyumba ya Wazee kule Kasarani inaendeshwa na masista wa Little Sisters of the Poor, na Mji wa Huruma, upande wa Runda, ni wa serikali ya jiji. Hayo yapo kwa ajili ya wazee wasio na uwezo au wasio na mtu. Mama ana watoto watatu wanaofanya kazi, na tuliona si haki kukalia kitanda cha mtu wa aina hiyo. Basi tukabaki na makao ya kulipia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na zaidi, na makao yanazidi kuchipuka Karen, Ngong, Thika Road na Kitengela. Mengi ni nyumba za kawaida za familia zilizobadilishwa. Hilo peke yake si kosa. Tulikagua matatu.

Makao ya kwanza: nyasi na vigae

Yalikuwa upande wa Karen. Nyasi zimekatwa, vigae vinang'aa, meneja amevaa koti. Bei shilingi 140,000 kwa mwezi. Tulifika saa tano asubuhi, tukapewa chai ya tangawizi na karatasi yenye ratiba ya mlo wa wiki nzima. Kaka alikuwa tayari kulipa amana. Nami, naungama, nilikuwa karibu kumwambia alipe. Mtu aliyechoka akiona mahali safi hutaka kuamini.

Mama mdogo aliomba kwenda chooni. Alirudi akaninong'oneza: "Hamna kopo. Atatawaza na nini?" Nikamwambia hilo ni dogo, litanunuliwa. Akaniangalia. "Si kopo. Hakuna aliyewahi kuwauliza."

Ndipo nikaanza kutazama kikazi. Sebuleni wazee wanane walikuwa wamepangwa mbele ya runinga, na viti vinne vilikuwa na trei ya mbao iliyofungwa kwa mbele. Trei hiyo huitwa ya chakula, lakini chakula hakikuwapo, na mzee asiyeweza kuifungua mwenyewe amefungwa, hata kama hakuna kamba. Muuguzi wa zamu alikuja kutusalimu, akamwita mama mdogo "shosho", bibi kwa Kikuyu. Mama mdogo hakuitika. Kwao hilo si jina la mtu.

Nikaomba kuona chumba cha mtu asiyeweza kujigeuza. Juu ya kitanda kulikuwa na chati ya kugeuzwa, ile tunayojaza kila saa mbili ili mgonjwa asipate vidonda vya kulalia kwenye kitako, nyonga na visigino. Ilikuwa imejazwa vizuri mno. Saa sita, kushoto. Saa nane, chali. Saa kumi jioni, kulia, na sahihi. Nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa sita na robo mchana.

Niliyekuwa nimesimama pale nilikuwa muuguzi, na nilijua kilichotokea, kwa sababu nimewahi kuwaona wenzangu wakikifanya siku wodi ilipozidiwa: unajaza zamu nzima mara moja ili upumue. Chati ile haikunionyesha mgonjwa. Ilinionyesha watu waliojifunza kwamba karatasi ndiyo itakayokaguliwa.

Swali langu la mwisho lilikuwa hili: Mama huamka saa tisa usiku, mtamfanyaje? Meneja akatabasamu. "Usiwe na wasiwasi. Hapa wote hulala. Daktari huwaandikia dawa." Niliuliza ni dawa gani, nikajibiwa ni ya kutuliza. Kwenye kigari cha dawa kilichokuwa kimeachwa wazi koridoni niliona haloperidol.

Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Haloperidol ni dawa ya magonjwa ya akili, na ina kazi yake. Lakini mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo zito kwamba dawa mpya za kundi hilo zinaongeza vifo kwa wazee wenye dimensia, na mwaka 2008 onyo likapanuliwa hadi dawa za zamani, haloperidol ikiwemo. Ziko hali ambazo daktari huiandika hata hivyo, kwa dozi ndogo na muda mfupi, mgonjwa akiwa hatari kwake au kwa wengine. Kuiandika ili nyumba nzima ilale ni jambo jingine. Mzee aliyelazwa kwa dawa huamka akipepesuka, huanguka, hukosa hamu ya kula, hukohoa chakula kikaingia mapafuni. Mama mwenye nyonga iliyoungwa na chuma asingemaliza mwaka.

Nilipoomba kuja kutembelea saa hiyo ya usiku walinijibu kwamba kwa sababu za usalama haiwezekani, na kwamba jamaa hupokelewa Jumamosi na Jumapili, saa nane hadi saa kumi alasiri.

Makao ya pili: mikono mizuri, watu wachache

Thika Road, ndani ya esteti, nyumba ya vyumba vinne yenye wazee tisa. Bei 45,000. Ukutani palikuwa na kibali cha biashara cha kaunti tu. Kibali hicho kinathibitisha kwamba mwenye nyumba amelipa ada. Hakisemi lolote kuhusu insulini. Mahali panapotoa huduma za kiuguzi, nataka kuona leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lile linalosajili vituo vya afya, na leseni ya kila muuguzi kutoka Baraza la Wauguzi, yenye tarehe ambayo haijapita. Hawakuwa na muuguzi wa kukaa. Yupo anayekuja mara mbili kwa wiki, na siku nyingine insulini huchomwa na walezi.

Nisiwadhulumu walezi. Wengi wamepitia kozi fupi, na wapo wanaojua kumlisha mzee mwenye kiharusi kuliko daktari. Pale Thika Road nilimkuta binti mmoja ameketi chini, mguu wa babu mmoja umelala mapajani mwake, akimkata kucha polepole huku akimwimbia. Kwa makao yote matatu, huyo ndiye aliyenigusa zaidi. Nikamwuliza ameingia zamu lini. Akasema jana asubuhi.

Kisha nikamwuliza swali ambalo nalipenda kuliko yote, na ambalo yeyote mwenye mzazi wa kisukari anaweza kuliuliza bila kuwa muuguzi: "Asubuhi Mama akigoma kula, insulini yake mnaifanyaje?" Akajibu kwa uaminifu, "Tunamchoma kama kawaida, si imeandikwa?"

Insulini ikiingia na chakula hakijaingia, sukari hushuka. Mzee hutoka jasho, hutetemeka, huongea visivyoeleweka, huzubaa. Kwa mtu mwenye dimensia wote watasema leo amezidiwa na ugonjwa wake wa kusahau, watamlaza, na hapo ndipo anapopotea. Binti yule hakuwa na kosa. Aliyemwacha peke yake saa 30 na sindano ambayo hakufundishwa ndiye mwenye kosa.

Kuhusu usiku, mwenye nyumba alituambia kwa moyo mweupe: "Karibuni wakati wowote, ila saa hiyo mtatukuta sote tumelala."

Kaka alipendelea pale. Bei ilikuwa ya kuvumilika, watu ni wema, na pana harufu ya nyumbani. Tulibishana garini hadi Muthaiga. Mama mdogo ndiye aliyekata shauri: "Wema wao nimeuona. Lakini wote wakilala, dada yangu atakuwa macho na nani?"

Makao ya tatu

Yako upande wa Ngong, mahali penye baridi. Vigae vya koridoni vimepasuka kiasi. Wazee 14. Bei 85,000. Matroni ni mama wa makamo anayesema polepole. Leseni za kituo na za wauguzi alizitoa kabla hatujaziomba, zimo kwenye faili moja, na moja ilikuwa imebakiza wiki mbili kuisha. Alituonyesha hiyo kwanza.

Lile swali la insulini muuguzi alilijibu akiwa anaendelea kukunja mashuka: "Napima kwanza. Sukari ikiwa chini au hajala, simchomi, nampigia daktari, naandika." Chooni palikuwa na kopo, na karibu yake kiti cha kutawadhia. Kuna bibi mwingine Mwislamu aliyekaa pale miaka miwili, na mwanawe alilidai. Kijana mmoja mlezi alipomwona mama mdogo alisema, "Shikamoo, bibi." Mama mdogo akavuta ushungi, akajibu "Marahaba" kwa sauti ambayo sikuisikia siku nyingi.

Nikaomba kuja saa tisa usiku. Matroni alinyamaza. Akauliza, "Kwa nini saa hiyo?" Nikamwambia ndiyo saa anayoamka. Akafikiri tena, akasema, "Njoo Jumanne. Hutaingia vyumba vya wanaume, na simu utaiacha ofisini." Mashariti hayo yalinifurahisha kuliko ukarimu wote wa Karen. Alikuwa akiwalinda watu wake dhidi yangu. Kesho atamlinda Mama dhidi ya mgeni mwingine.

Jumanne nilitoka zamu mapema, nikafika saa nane na nusu. Askari wa geti alikuwa macho na jina langu alikuwa nalo. Ndani palikuwa na muuguzi mmoja na walezi wawili, wote wamesimama. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha bibi asiyejigeuza. Chati ilisema saa nane, ubavu wa kushoto. Nikafunua blanketi kidogo. Alilala ubavu wa kushoto, mto kati ya magoti, visigino vikining'inia bila kugusa godoro. Mstari wa saa kumi ulikuwa mtupu. Sikuwahi kufikiri kwamba mstari mtupu ungenitoa machozi.

Si kila kitu kilikuwa sawa. Saa tisa na dakika kumi kengele ililia chumba cha mwisho, na sauti haikufika jikoni walikokuwa walezi. Nilihesabu kwa saa yangu: dakika 12 hadi mtu alipofika, na mama yule alikuwa amelowa na anaona haya. Baridi ya koridoni ilikuwa kali mno kwa mtu wa kutembea na fremu. Niliyaandika yote na kumpa matroni asubuhi. Kengele ya pili imewekwa jikoni. Koridoni bado kuna baridi. Tulimnunulia Mama soksi nzito zenye mpira chini.

Nikiwa jikoni nilimsimulia mlezi wa usiku habari za shuka. Alisikiliza, akauliza swali ambalo mimi, kwa miaka 22, sikuwahi kumwuliza jamaa yeyote wa mgonjwa: "Kwani yeye anadhani anakanda nini?"

Karatasi na pesa

Mkataba tuliusoma mara tatu, na mara ya tatu kwa sauti. Cha kuangalia ni kile ambacho bei haikijumuishi. Kwetu 85,000 ilikuwa na malazi, chakula, kufuliwa na uuguzi wa kawaida. Nepi, insulini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na gari la wagonjwa vilikuwa nje, na kwa mwezi wa kwanza vilitugharimu 19,000 zaidi. Tulidai yaandikwe mambo mawili ambayo hayakuwamo: kwamba tutaarifiwa kwa simu siku hiyohiyo akianguka, hata asipoumia, na kwamba hatapewa dawa ya usingizi au ya kutuliza bila mimi kuzungumza kwanza na daktari aliyeiandika. Matroni alikubali la kwanza papo hapo. La pili lilimchukua siku mbili.

Wengi hudhani SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, itabeba mzigo huu. SHA ni ya matibabu. Mama akilazwa hospitalini itasaidia, lakini karo ya makao ni ya familia. Zile 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, anazopata kila mwezi kama mzee aliyepita miaka 70 zinanunua sehemu ya nepi zake. Mdogo wetu hutoa 40,000, kaka 25,000, mimi 20,000, na vya ziada tunachanga. Tuliandika hili pia na kila mmoja akatia sahihi. Najua familia ambazo mzazi alirudishwa nyumbani mwezi wa nne kwa sababu ndugu mmoja aliacha kutuma na hakuna aliyejua alikuwa ameahidi kiasi gani.

Tulianza na wiki mbili za majaribio, Februari 2025, kabla ya kulipa amana. Siku ya kuingia alipimwa akawa kilo 54. Nilimwomba muuguzi aandike kwa wino mkubwa: kilo 2.7. Mzee akipoteza asilimia tano ya uzito kwa mwezi mmoja kuna jambo, na kwa Mama asilimia tano ni hizo. Mtoto wa mtu anayekuja kutembelea hahitaji kujua lugha ya chati. Ajue namba hiyo moja tu, aulize.

Tulipokosea

Siku ya kumhamisha kaka alimwambia Mama tunakwenda hospitali kupima sukari. Alitaka kumpunguzia uchungu. Kwa siku nne Mama aliketi na mkoba mapajani akingoja kuitwa kwa daktari. Ningeweza kuzuia hilo na sikuzuia, kwa sababu hata mimi niliogopa kumwangalia machoni. Siku ya tano mama mdogo alikuja, akaketi naye, akamwambia ukweli kwa lugha yao ya Majengo, kwamba hapa ndipo atakapolala na watu wapo. Mama akauliza kama kuna chai. Mkoba akauweka chini.

Mwezi wa kwanza alipungua kilo 1.8. Haikufika namba yetu, lakini tuliuliza, na ikagundulika kwamba meno yake ya bandia yalikuwa yamepotea wiki nzima. Huyavua wakati wa kula, huyafunga kwenye karatasi ya kupangusia, na mtu alikuwa ameitupa karatasi. Hakuna aliyeandika. Nilikasirika, nikasema maneno ambayo baadaye niliyaombea radhi, na makao yakalipa nusu ya gharama ya meno mapya. Sasa kuna bakuli lenye jina lake mezani, na mlezi wa zamu huyahesabu baada ya kila mlo.

Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi. Mama alitaka kufunga, na kwa insulini yake hilo haliwezekani. Dini yenyewe imemsamehe mgonjwa, na kaka akamtolea fidia. Lakini bado aliudai usiku wa daku, na kumkatalia kulimfanya alie. Wakakubaliana wenyewe, bila mimi: anaamshwa wakati wa daku, anapewa uji kidogo, anaomba dua, analala. Kwenye chati sukari zake za mwezi ule zilikuwa nzuri kuliko za mwezi uliotangulia.

Kuhusu unga, matroni alikataa mwanzoni. Utavuta siafu, utamwagika, mwenye fremu atateleza. Walijadiliana wao kwa wao wiki mbili. Mwishowe mlezi yule wa usiku alileta beseni la plastiki na kitambaa cha mpira cha kutandika mezani, na wakati Mama akiamka humsindikiza hadi meza iliyo mlangoni pa jikoni, palipo na joto. Nusu kilo ya unga, maji ya vuguvugu, chumvi. Anakanda dakika 20, au 40. Kisha husema, "Funika, uumuke," naye mlezi hufunika, na Mama hurudi kulala bila kidonge.

Mei nilipita huko nikitoka kazini, saa tisa na nusu. Sikumwambia mtu. Nilisimama koridoni nikaona mgongo wake, ushungi umeteremka mabegani, viganja vikisukuma na kuvuta kwa mwendo uleule niliolala nao utotoni. Akageuka akaniona. Hakuniita jina, wala langu wala la mama mdogo. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyetumwa dukani akachelewa.

"Iliki umeleta?"

Sikuwa nayo. Niliipeleka siku iliyofuata, pakiti ndogo kutoka Eastleigh, na sasa imeandikwa kwenye daftari lake la mahitaji ya kila mwezi, chini ya insulini na juu ya nepi.